Sarafu ya Ndege ya Sita

Hapo zamani, ila si zamani ya mbali, maana ndege za vita zilikwishakuwapo na watoto walikwishaacha kuzikimbia, palikuwa na nchi yenye ndege sita tu za kivita. Msiniulize ni nchi gani. Nikiitaja mtaanza kubishana mipaka, na mimi nina kesi nataka mniamulie.

Ndege sita, marubani sita. Kila ndege ilikuwa na namba yake mkiani, imepakwa kwa rangi nyeusi, kubwa, ya kusomeka kutoka mbali. Ya sita ilirushwa na Luteni Gwakisa, kijana mrefu, mcheshi, aliyekuwa ameoa muda mfupi kabla ya vita. Asubuhi moja ya masika zikaruka zote sita kwenda mpakani. Zikarudi tano.

Wakamtafuta Gwakisa mpakani, hawakumwona. Wakamtafuta ng'ambo ya mpaka, hawakumwona. Mlima wa Nyalumba hawakuupekua, kwa sababu haukuwa kwenye njia yake. Basi pale palipokosekana habari ukaingia uvumi. Gwakisa ameiuza ndege. Gwakisa yuko kwa adui, ananenepa. Uvumi ukatoka kambini ukaenda mjini, ukatoka mjini ukaenda hadi nyumbani kwa mkewe, aliyekuwa mjamzito. Wakubwa hawakusema ndiyo, hawakusema siyo. Walifuta jina lake tu.

Kumbe Gwakisa alikuwa Nyalumba. Ukungu ulimpoteza, akaugonga mlima upande wa msituni. Aliyesikia kishindo ni mtu mmoja tu, Kihongosi, fundi wa kuziba sufuria, aliyekuwa huko juu akichoma mkaa wa kazi yake. Akakimbilia. Akamkuta rubani ametupwa nje, yu hai, lakini kwa kumtazama tu ulijua hafiki jioni. Kihongosi akamnywesha maji kwa kiganja. Akamfunika kwa koti lake mwenyewe. Alipotaka kushuka kwenda kuita watu, rubani akamshika mkono.

"Usiniache peke yangu, kaka."

Kihongosi akaketi. Alikaa naye mpaka pumzi ya mwisho, mkono ndani ya mkono. Kisha akachimba kaburi kwa panga, akamzika, akampangia mawe juu.

Kama ningekuwa napenda kuwafurahisha, ningeishia hapo, mkampenda Kihongosi, tukaenda kulala. Lakini Kihongosi alipomaliza kuzika aligeuka akaitazama ndege. Mtu wa sufuria, anaiona alumini nyingi kiasi kile, safi, nyepesi, imelala bure majanini! Aliitazama, akaenda zake. Kesho yake akarudi na tindo na nyundo.

Akaishusha kidogo kidogo. Bawa likawa sufuria. Bawa la pili likawa miiko, bakuli na karai. Tumbo likawa masufuria makubwa ya shughuli. Nyalumba nzima ikapikia ndege, na vijiji vya jirani pia. Kilichobaki mlimani ni injini, kwa vile haikubebeka. Na kipande cha mkia, chenye ile namba sita, Kihongosi alikikata mviringo, akakifua mfuniko, akampa Semeni, mke wa mdogo wake, siku alipoletwa nyumbani kama bibi harusi.

Kwa nini Kihongosi hakusema? Kwanza alinyamaza kwa hofu. Siku za vita, mtu akikutwa na kifungo tu cha jeshi alipigwa mpaka asahau jina lake, sembuse mabawa mawili. Vita vikaisha, akanyamaza kwa aibu. Aibu ikapoa, akanyamaza kwa mazoea. Aliwaambia ndugu zake, "Mkifungua mdomo nitafungwa," nao wakafunga midomo. Ila kila mwaka baada ya mvua alipanda mlimani na jembe, akalipalilia kaburi, akashuka. Hilo pia hakumwambia mtu.

Sasa nije kwa Semeni.

Nyalumba, mwanamke hupimwa kwa vyombo vyake. Msiba ukitokea au harusi, kila mama huja na sufuria yake na mfuniko wake. Shughuli ikiisha, vyombo vyote huoshwa na kuanikwa kichanjani, na wanawake hupita wakivitazama kama majaji. Chombo kinasuguliwa kwa jivu na mchanga mpaka unajiona meno. Chombo cheusi ni aibu ya mtu na ya mama yake aliyemlea.

Mfuniko wa Semeni ulikuwa mweusi.

Hakuusugua. Aliupangusa kwa kitambaa chenye maji, basi. Akipika wali, hakupalia makaa juu yake, aliazima mfuniko mwingine. Wifi zake walikuwa hawaishi maneno.

"Wifi, mfuniko wako uliapa hautaoga?"

"Nikiusugua namba itatoka."

"Namba ya nini, wifi? Sufuria yako inakwenda shule?"

Wakicheka, Semeni naye hucheka, lakini akifika nyumbani halali vizuri. Mama mkwe wake alimwita mvivu mbele za watu. Mumewe alimwomba ausugue angalau siku za wageni. Akakataa. Ukimwuliza kwa nini, jibu lake lilikuwa moja: watu hawaandiki namba kwenye kitu kisicho na mwenyewe, na mwenyewe akija atakijulia wapi kitu chake? Akawa mzee na sifa hiyohiyo ya uchafu, yeye ambaye nyumba yake ungeweza kulia sakafuni.

Lakini angalieni. Semeni alijua mfuniko umetoka kwenye ndege. Alijua huko juu kuna mtu amezikwa. Alitunza namba, na mdomo akaufunga. Yote mawili aliyafanya miaka ileile.

Na kule mbali, mke wa Gwakisa akajifungua mtoto wa kike, akamwita Tusajigwe. Mtoto alikua akiitwa mtoto wa msaliti. Akienda kuchota maji, mtoto wa msaliti. Akifaulu shuleni, loo, hata mtoto wa msaliti anafaulu! Mama yake hakulipwa chochote cha mjane, maana mume wake hakufa, alihama upande. Mama alisema mpaka mwisho, "Baba yako hakuwa mtu wa kukimbia, mwanangu." Akafa akilisema hilo, na mazishini hawakufika watu wa kutosha kulibeba jeneza kwa zamu.

Siku hiyo ya maziko Tusajigwe aliichukua picha ya baba yake ukutani, ya Gwakisa amesimama na sare, picha pekee iliyokuwapo duniani, akaitia jikoni ikaungua. Akachukua jina la mjomba wake. Watoto wake walipozaliwa aliwaambia babu yao alikuwa mkulima na alikufa kwa homa.

Mmeshawajua wote watatu? Kihongosi, Semeni, Tusajigwe. Haya, sasa sarafu.

Miaka ikaenda, ndege zile zikazeeka zikawekwa makumbusho. Nchi ikaona iwakumbuke wale marubani wa kwanza kwa sarafu. Si hizi za kununulia vitunguu. Ni zile za fedha tupu zinazochapwa chache, zikakaa ndani ya kisanduku cha mahameli, na watu wanaokusanya sarafu duniani kote wakazigombea, na hakuna anayethubutu kuzigusa kwa vidole. Kila sarafu na ndege yake, na namba mkiani, na jina la rubani chini ya mabawa. Mtengeneza kisanduku alikuwa amekwishachimba vitundu sita. Wakubwa wakakumbuka habari za ndege ya sita, wakasema hiyo haichapwi. Basi kisanduku kikatoka na sarafu tano na kitundu kimoja kitupu, na kalenda zikatolewa zenye picha yake, zikabandikwa katika ofisi, shule na zahanati.

Semeni alikwenda zahanati kupima mgongo. Foleni ndefu, akawa anaitazama kalenda. Akaiona namba tano mkiani mwa ndege ya mwisho. Ilivyopindwa tumbo, ilivyokatwa kichwa, ni mkono uleule uliopaka sita yake. Akamwita muuguzi.

"Mwanangu, hapo penye tundu mbona hamna kitu?"

"Hapo ingekaa ya sita, bibi. Ila rubani wake aliiiba, akakimbilia kwa adui. Tulifundishwa shuleni."

"Aliiiba?"

"Ndiyo, bibi. Ana mtoto wake anaishi mjini, sijui hata anaificha wapi sura."

Semeni akainuka kwenye foleni na mgongo wake haujapimwa. Siku zote alidhani amelitunzia jeshi mali yake. Hakujua kuna mtoto. Akaenda moja kwa moja kwa Kihongosi, akamkuta anaziba sufuria ya mtu.

"Shemeji, yule uliyemzika anaitwa mwizi."

Kihongosi hakuinua kichwa. "Nimesikia."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani kidogo. Kwenye redio."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini, shemeji? Wewe umepikia mfuniko wake miaka yote, umesema nini?"

"Mimi sikujua kama ana mtoto. Twende wote tukaseme."

"Unataka nifungwe na uzee huu? Mimi niliyekutolea mahari pamoja na marehemu mdogo wangu?"

"Nakuheshimu, shemeji. Nitakuja tena kesho asubuhi. Usipoinuka, nitakwenda peke yangu."

Kesho yake asubuhi alikwenda. Kihongosi hakuinuka. Semeni akaufunga mfuniko katika kanga, akapanda gari hadi kambini, akauweka mezani mbele ya Meja Kwilasa, afisa aliyekuwa na shughuli ya zile sarafu. Meja akalowesha kitambaa, akapangusa taratibu. Sita ikatokea chini ya masizi, nzima, haina hata mkwaruzo. Meja akasimama, akavua kofia.

Wanajeshi walipofika Nyalumba, Kihongosi alikuwa ameketi nje na jembe begani. Hakungoja kuulizwa. "Twendeni niwaonyeshe," akasema. Akawapandisha mlimani, akawaonyesha injini, akawaonyesha kaburi. Lilikuwa limepaliliwa, mawe yamepangwa, na juu yake lile koti, limeoza kitambaa vimebaki vifungo. Hakuna aliyemfunga. Wakapiga saluti, wakashuka.

Jina la Gwakisa likarudishwa. Sarafu ya sita ikachapwa. Mchongaji alitaka kuweka sura ya rubani, akaambiwa picha haipo popote, akaweka ndege peke yake na jina. Waliokwishanunua kisanduku wakaagiza mbiombio kuziba kitundu. Hayo yote mazuri.

Lakini wakubwa wakaona waongeze jambo. Walikata katikati ya mfuniko, penye namba, wakapeleka makumbusho. Ukingo uliobaki wakauyeyusha. Ulikuwa umeliwa na moshi wa miaka, mwingi ukawa takataka, ukatoa madini ya sarafu moja. Moja tu, ya alumini, nyepesi hata upepo ungeweza kuihamisha. Ndege yenyewe, imechapwa sura yake juu ya mwili wake. Kisha muhuri uliochapia sarafu hiyo wakausaga uso, ndiyo desturi ya kiwanda, isije ikachapwa nyingine.

Siku ya kuikabidhi, Nyalumba ilijaza uwanja wa mpira. Meja Kwilasa akasimama, pembeni yake mchongaji na kalamu yake ya chuma.

"Ndugu zangu, sheria ya sarafu hii ni fupi," akasema Meja. "Haiuzwi. Haigawanywi. Ukingoni patachongwa jina la mtu mmoja aliye hai, na huyo ndiye mwenyewe. Jina hilo litaandikwa katika vitabu vya sarafu vya dunia nzima. Ukingo ni mwembamba, hauchukui majina mawili. Wenye kudai, wadai."

Kihongosi akatangulia, fimbo mkononi.

"Mimi nilimpa maji. Mimi nilimshika mkono. Mngekuwa ninyi mngekaa? Wengi mngekimbia. Nilimzika kwa panga na nikampalilia kila mwaka, na hakuna aliyenituma. Na huo mfuniko mnaoushangilia ni kazi ya nyundo yangu. Kama nisingeushusha, mkia ule ungeozea msituni, msingekuwa na sita wala saba. Nilinyamaza, ndiyo. Naomba radhi mbele yenu. Lakini mkimpa mtu mwingine sarafu hii, mtakuwa mmesema mali ya wizi imerudi kwa mwenyewe. Wajukuu zangu wataitwa wajukuu wa mwizi. Mkinipa, wataitwa wajukuu wa mtu aliyemshika rubani mkono. Yote mawili ni kweli. Nichagulieni moja kabla sijafa."

Watu wakasema, ni yake.

Semeni akasimama, mkono kiunoni kwa ajili ya mgongo.

"Shemeji yangu alichukua ndege nzima. Mabawa yako wapi? Tumbo liko wapi? Yote yalisuguliwa yakasahau yalikotoka. Kilichobaki na jina ni changu, na kilibaki kwa sababu nilikubali kuitwa mchafu tangu bibi harusi mpaka bibi kizee. Mama mkwe wangu amekufa akiniita mvivu. Nani atamwambia sasa? Na aliyekwenda kusema ni mimi. Ninyi wanawake mlionicheka, leo mnaniita mchongezi, niliyemchongea shemeji yangu, hata salamu mnanipa kwa shingo upande. Nimetoa mfuniko wangu na sina hata wa kufunikia mboga. Nilichelewa, sikatai. Lakini nilikwenda."

Kihongosi akasema kwa sauti ya chini, "Ulichelewa pamoja na mimi, shemeji."

"Pamoja na wewe, ndiyo. Ila asubuhi ile nilikwenda peke yangu."

Watu wakasema, ni yake.

Tusajigwe akaja mwisho. Alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye mvi zake, na watoto wake nyuma yake, waliojua wiki ileile tu babu yao ni nani. Hakumtazama Meja. Alimtazama Kihongosi.

"Mzee, alisema nini?"

"Alisema nisimwache peke yake. Sikumwacha."

Tusajigwe akalia mbele ya watu wote, wala hakujifuta. Kisha akasema, "Asante, mzee. Mungu akulipe kwa siku ile. Lakini siku zote zilizofuata ulituacha sisi. Mama yangu alikufa anaitwa mke wa msaliti, na wewe ulikuwa unajua. Na wewe, mama, ulikuwa na jina la baba yangu jikoni kwako, unafunikia nalo chungu cha maharage." Akageukia watu. "Mimi sikufanya kazi yoyote. Sikumzika, sikutunza namba. Nilichofanya ni kuchoma picha yake, na jina lake nikalitupa. Mama yangu aliniambia kweli nikaamini majirani. Kama ni kustahili, sistahili. Lakini hawa watu wawili walimwona baba yangu au walishika kitu chake. Mimi sijawahi kushika chochote. Kaburi ni la mlima, jina ni la taifa, sarafu za fedha ni za matajiri wa ng'ambo. Nipeni hiki kimoja nikishike."

Watu hawakusema kitu. Wengine walikuwa wanatafuta leso.

Nakuona wewe hapo unayenyanyua mkono. Unataka kusema ukingoni pachongwe jina la Gwakisa mwenyewe, tumalize. Sheria imesema aliye hai, rafiki yangu, teremsha mkono. Na wewe mama unayenong'ona wapewe kwa zamu, mwaka huyu, mwaka yule, jina linachongwa mara moja tu. Na wewe unayesema apewe binti kwa sababu amelia: kwa hiyo anayelia ndiye mwenye haki? Semeni alilia miaka mingi, tatizo lake ni kwamba alilia ndani. Msinijibu kwa huruma wala kwa hasira, hivyo ndivyo Gwakisa alivyohukumiwa.

Mmoja alimshika rubani mkono asife peke yake, akafunga mdomo. Mmoja alilinda namba yake kwa aibu yake mwenyewe, akafunga mdomo, akaufungua akiwa amechelewa. Mmoja ni damu yake, alimkana, na ndiye aliyelipia midomo ya wale wawili.

Mchongaji amekwisha kuibana sarafu, ameinama, ncha ya chuma imegusa ukingo. Anauliza bila kuinua macho, "Niandike jina la nani?"

Wote wanakutazama wewe. Je, la nani?